Kuteleza si kuanguka: misuli, mafuta na mizani ya mwili uzeeni

Mzee akianguka, watu huanza kutafuta mkosaji. Sakafu ilikuwa na maji. Viatu vimekwisha soli. Taa ilikuwa imezimwa. Kama hakuna cha kusingizia, basi ni umri: "ndiyo uzee huo." Siku hizi ameongezeka mshukiwa mwingine, uzito. Wapo wanaosema mzee mnene ndiye huanguka kwa kuwa miguu imelemewa. Wapo wanaosema mwembamba ndiye huanguka kwa kuwa hana nguvu. Tangu sindano za kupunguza uzito zianze kuzungumzwa kila mahali, mkanganyiko umezidi: huyu anamsihi mama yake apunguze kilo haraka, yule anaonya kwamba kilo zikipungua mama "ataisha".

Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Lakini kilo zenyewe hazimwangushi mtu, wala hazimzuii kuanguka. La kuuliza ni kilo hizo zimeundwa na nini, na kama miguu inaweza kutoa nguvu ya kuusimamisha mwili ulioanza kwenda chini, tena mapema kabla mambo hayajaharibika. Hilo la mapema ndilo linalosahaulika zaidi, nami nitalirudia.

Kwanza maneno. Kiswahili kinatutega hapa, maana mizani ni kile kifaa cha kupimia kilo, na mizani pia ni uwezo wa mwili kusimama bila kupepesuka. Kifaa nitakiita mizani ya kilo. Uwezo nitauita mizani ya mwili. Mkanganyiko mwingi unatokana na kudhani kwamba ukiisoma ya kwanza umeijua ya pili.

Neno jingine ni sakopenia. Mtafiti wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, alilipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyama na upungufu. Alitaka jambo hilo lipate jina ili litiliwe maanani. Maana yake ni kupungua kwa misuli na nguvu zake kunakoletwa hasa na umri. Mtu mwenye sakopenia anaweza kuwa mwembamba, na anaweza pia kuwa mnene. Huyu wa pili, mwenye mafuta mengi na misuli michache ndani ya mwili mmoja, ana hali inayoitwa unene wenye sakopenia. Ndiye hupita bila kutambuliwa, kwa sababu anaonekana ameshiba afya.

Kusimama ni kazi

Watoto wana mchezo wa kusimamisha ufagio juu ya kiganja. Ukiujaribu utaona kwamba mkono hautulii hata kidogo: ufagio ukielekea mbele, kiganja kinaufuata, ukirudi nyuma, kinarudi nao. Ukiacha kusogeza mkono, ufagio unaanguka. Mwili wa mtu aliyesimama wima ni ufagio huo. Uzito wake wote ni kama umekusanyika mahali pamoja, chini kidogo ya kitovu, juu ya nguzo mbili zenye nyayo ndogo. Hata ukidhani umetulia kwenye foleni, unayumba muda wote kwa kiasi kidogo, na misuli ya miguu inakurudisha bila wewe kujua.

Ubongo hupata habari za kuyumba huko kutoka sehemu tatu. Macho hueleza ulimwengu umekaaje. Kiungo kidogo kilicho ndani ya sikio hueleza kichwa kinaelekea wapi. Nyayo, viungo na misuli yenyewe huelezea miguu iko wapi na imekanyaga nini. Ubongo huzipatanisha habari hizo, kisha hutoa amri.

Maelezo mengi kuhusu kuanguka kwa wazee huishia hapo, kwenye macho na masikio. Ni kweli, vyote hivyo huchakaa. Lakini amri iliyotolewa sawasawa haina faida kama mtekelezaji amechelewa, na mtekelezaji ni msuli.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Walikuwa na lao la kusema, ila hata ukilichukua neno kwa neno ni sahihi kisayansi. Karibu kila mtu huteleza au kujikwaa mara kwa mara, kijana kwa mzee. Ukisukumwa kidogo, vifundo vya miguu hukaza na kukurudisha. Msukumo ukizidi, kiuno na nyonga huingia kazini. Ndipo utamwona mtu ameinama ghafla na mikono imetawanyika. Ukizidi zaidi, dawa ni moja tu, kupiga hatua ya haraka na kuukanyagia uzito wako pale ulipokuwa unaelekea. Tangu mguu uteleze hadi nyonga igonge sakafu, sekunde moja haijatimia. Msuli nao unahitaji karibu theluthi ya sekunde, pengine zaidi, kufikia nguvu yake yote. Toa muda wa ubongo kushtuka, toa muda wa amri kusafiri hadi mguuni, na kinachobaki ni kidogo mno.

Mzee anaweza kuwa na nguvu ya kutosha kubeba ndoo ya maji na bado akaanguka kwa kujikwaa kwenye zulia. Nguvu anayo. Imechelewa kufika.

Walimu wanaostaafu

Kwa nini ichelewe? Msuli umeundwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, na nyuzi hizo ni za aina mbili kuu. Zipo za polepole, zisizochoka upesi, zinazokuwezesha kusimama na kutembea muda mrefu. Zipo za haraka, zinazochoka mapema lakini hukaza kwa kasi na kwa nguvu nyingi. Hizi ndizo za kuruka, kuinuka ghafla, na kujidaka unapoteleza. Umri huzila zaidi hizi za haraka.

Kila fungu la nyuzi huamriwa na neva moja inayotoka kwenye uti wa mgongo. Fikiria shule ambayo walimu wake wanastaafu na hakuna anayeajiriwa badala yao. Waliobaki wanachukua madarasa yaliyoachwa, kila mmoja mawili, kisha matatu. Shule haifungwi, ila mwalimu aliyezoea kufundisha polepole atalifundisha polepole hata darasa lililokuwa limezoea mwendo wa kasi. Madarasa mengine hayapati mwalimu kabisa, na wanafunzi wanatawanyika. Ndivyo ilivyo ndani ya paja la mzee. Neva zikifa, jirani zake huzilea nyuzi zilizobaki yatima, na nyuzi nyingi za haraka hujifunza upole. Zisizopata mlezi hufa.

Makadirio yanayotumika sana yanasema mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli kila miaka kumi baada ya kufikisha miaka 30, na kasi hiyo huongezeka baada ya 60. Nguvu hupungua upesi kuliko misuli yenyewe. Uwezo wa kuitoa nguvu hiyo kwa kasi hupungua upesi zaidi. Kwa hiyo kulitazama paja la mtu na kusema "bado ana nyama" hakutoshi. Wataalamu wa Ulaya walipofanya marekebisho ya vigezo vyao vya sakopenia, yakachapishwa mwaka 2019, waliiweka nguvu mbele ya ukubwa wa misuli. Mojawapo ya vipimo vyao haihitaji mashine: kaa kitini, kunja mikono kifuani, inuka na ukae mara tano. Ukizidisha sekunde 15, kuna jambo la kuchunguzwa.

Mafuta yanaingilia wapi

Hapa ndipo mazungumzo ya mitaani hupotoka zaidi, kwa sababu mafuta yanafanya kazi tatu tofauti na watu huzungumzia moja tu.

Ya kwanza ni mzigo. Beba mkoba mzito mgongoni, kisha uhamishie kifuani, utahisi visigino vinataka kuinuka na mashavu ya miguu yanakaza kukuzuia usiende mbele. Kitambi ni mkoba huo, na hauvuliwi. Kinausogeza uzito wa mwili mbele, karibu na ncha za vidole, ambako nafasi ya kukosea ni ndogo. Mtu mnene kwa kawaida ana misuli mingi kuliko mwembamba, kwa kuwa kubeba mwili wake ni mazoezi ya kila siku. Lakini ukiigawa nguvu yake kwa kilo anazopaswa kuzizuia, kila kilo inapata mgawo mdogo. Kijana mnene hana shida kubwa, injini yake bado inalitosha gari. Miaka inavyokwenda injini hupungua na gari hubaki lilelile, mara nyingine huongezeka.

Ya pili haionekani kwa macho. Mafuta hayakai chini ya ngozi na tumboni peke yake. Hujipenyeza katikati ya nyuzi za misuli. Chukua kamba mbili zenye unene sawa, moja ya katani tupu, nyingine katani iliyosokotwa na pamba. Ukizitazama hutaziona tofauti. Zivute. Msuli uliochanganyika na mafuta unaweza kuwa na kipimo kilekile cha utepe kama zamani na ukawa dhaifu, na hilo humpata hata mtu ambaye hajawahi kuitwa mnene.

Ya tatu ni ya kikemikali. Mafuta, hasa ya tumboni, si ghala la akiba lililolala. Yanatoa kemikali zinazouweka mwili katika hali ya kupambana kidogokidogo muda wote, kama mtu mwenye kidonda kisichopona, na katika hali hiyo msuli hujengeka kwa shida na kubomoka kwa urahisi. Unene huo huo huvuta kisukari cha aina ya pili, nacho kikikaa mwilini muda mrefu bila kudhibitiwa hufisha ganzi nyayo. Basi mmoja wa wale watoa habari watatu ananyamaza.

Msuli uliopungua humfanya mtu asipende kujisogeza, kutojisogeza huongeza mafuta, nayo mafuta hudhoofisha msuli. Hapo huwezi kusema kipi kilianza.

"Lakini mafuta si yanamkinga akianguka?" Swali hili huulizwa kama utani, ila lina jibu la kweli. Nyama laini inayofunika nyonga hupunguza kishindo, na mifupa iliyozoea kubeba uzito huwa mizito kidogo, kwa hiyo wazee wembamba sana ndio huvunjika nyonga zaidi. Kinga hiyo haifiki kila mahali. Kifundo cha mguu hakina mto, na wanawake wanene huvunjika hapo zaidi. Isitoshe, aliyeanguka lazima ainuke, na kuuinua mwili mzito kutoka sakafuni kwa miguu dhaifu kunaweza kushindikana kabisa.

Imani nyingine iondolewe upesi: mafuta hayageuki kuwa misuli, wala misuli haigeuki kuwa mafuta. Ni seli tofauti. Kimoja hupungua, kingine huongezeka, na mtu huona kama kimegeuka.

Mizani ya kilo inavyodanganya

Mtu aliyekuwa na kilo 75 akiwa na miaka 40 na bado ana kilo 75 akiwa na 70 hujipongeza. Huenda amepoteza kilo kadhaa za misuli na kupata kilo hizohizo za mafuta. Mizani ya kilo haina njia ya kulisema hilo. Kile kipimo cha kugawa uzito kwa urefu uliozidishwa kwa urefu, kinachoitwa BMI, nacho hakina. Kilitokana na hesabu za Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, kikapewa jina lake la sasa na mtafiti wa Marekani, Ancel Keys, na wenzake mwaka 1972, kwa ajili ya kulinganisha makundi ya watu. Hakikubuniwa kuchungulia ndani ya paja la mtu mmoja.

Ndiyo maana "punguza uzito" peke yake ni ushauri nusu kwa mzee. Kilo zinapopungua kwa kujinyima chakula tu, takriban robo yake si mafuta bali ni misuli na vinavyofanana nayo. Kijana atairudisha. Kwa mzee, kilo zikirudi, na mara nyingi hurudi, zinazorudi zaidi ni za mafuta. Baada ya kupungua na kurudi mara mbili au tatu anaweza kubaki na uzito uleule na miguu mibovu kuliko alipoanza. Sindano mpya nazo hazikwepi hesabu hii: hupunguza hamu ya kula, na mwili usiopata chakula cha kutosha hula mafuta yake na misuli yake pia. Sisemi zisitumike, kwa mwenye kisukari au moyo uliolemewa faida yake inaweza kuwa kubwa. Nasema miguu isiachwe bila kazi wakati kilo zinashuka.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 unalionyesha jambo hili vizuri. Wazee wanene 160 waligawanywa makundi manne. Matatu yalipunguza chakula na kufanya mazoezi: moja ya pumzi, kama kutembea kwa kasi, moja ya kubeba vyuma, moja ya vyote viwili. Kila moja kati ya haya matatu lilipunguza karibu asilimia 9 ya uzito. Kwa mizani ya kilo, basi, yalifungana. Ndani ya mwili hayakufungana. Waliofanya ya pumzi tu walipoteza asilimia 5 ya mwili usio na mafuta, wa vyuma asilimia 2, waliochanganya asilimia 3. Walipopimwa shughuli za kawaida za mwili, waliochanganya walipanda kwa asilimia 21, makundi mengine mawili kwa 14.

Kitandani nako kuna hesabu yake. Watafiti waliwahi kuwalaza wazee wenye afya njema kwa siku 10 bila kuinuka. Walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Mzee anayeingia hospitali kwa homa ya mapafu na kutoka amepona mapafu huenda ametoka na miguu ya mtu mwingine, na familia inashangaa kwa nini ameanguka wiki ileile aliyorudi nyumbani.

"Umri huu haujengi tena"

Hii ndiyo imani yenye madhara kuliko zote, na iliangushwa zamani. Mwaka 1990, huko Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliwapa mazoezi mazito ya miguu wakazi 10 wa makao ya wazee, wastani wa umri miaka 90. Tisa walimaliza wiki 8. Nguvu zao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174, msuli wa paja ukaongezeka asilimia 9. Angalia tofauti ya namba hizo mbili. Msuli ulikua kidogo, nguvu ikapanda mno, kwa sababu kilichoamka kwanza ni mawasiliano ya neva na nyuzi zilizokuwa zimesinzia.

Mapitio makubwa ya mwaka 2019, yaliyojumlisha majaribio 108, yalikuta kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu asilimia 23. Si kila zoezi. Yanayosaidia ni yale yanayoitikisa mizani ya mwili yenyewe, kama kusimama kwa mguu mmoja au kuhamisha uzito upande hadi upande, hasa yakiambatana na ya kuongeza nguvu. Kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa roho, lakini anayetembea tambarare kila siku anazitumia nyuzi za polepole, na za haraka zinaendelea kulala. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mchanganyiko huo siku tatu au zaidi kwa wiki.

Zoezi la bei nafuu kuliko yote ni kiti. Inuka kwa kasi, keti polepole, na pumzika kabla hujachoka kupita kiasi. Kuinuka kwa kasi ndiko kunakoziamsha nyuzi za haraka. Watu wengi hufanya kinyume chake, wanajivuta juu na kujibwaga chini. Mwenye moyo dhaifu, kizunguzungu au viungo vinavyouma aanze na mtaalamu wa mazoezi ya tiba, na yeyote awe na ukuta au meza karibu.

Msuli hujengwa kwa protini, na mzee anahitaji zaidi kuliko watu wanavyodhani: gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku ndicho kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wengi wa lishe ya wazee, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye lazima amsikilize daktari wake. Vitamini D haichukui nafasi ya kazi hiyo. Australia waliwahi kuchukua wanawake zaidi ya 2,200 wenye miaka 70 na zaidi, wakawapa karibu nusu yao dozi moja kubwa ya vitamini hiyo kila mwaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba walioipata walianguka zaidi kuliko wasioipata.

Ile habari ya "usipoweza kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10 utakufa" nayo imetoka kwenye utafiti wa kweli wa Brazil, wa mwaka 2022, uliofuatilia watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75. Mmoja kati ya watano alishindwa, na walioshindwa walikufa zaidi katika miaka iliyofuata. Kushindwa huko ni dalili ya mambo mengine mwilini, hakumuui mtu. Ukishindwa, kamwone mtaalamu. Usianze kuandika wosia.

Bila shaka si kila anguko ni la misuli. Dawa za usingizi, dawa za shinikizo la damu zinazomfanya mtu aone giza akiinuka, mtoto wa jicho, vyote vinaangusha, na orodha ya dawa za mzee inastahili kupitiwa na daktari kabla ya kulaumu mapaja.

Dalili za mapema huonekana sebuleni. Mzee anaanza kusukuma mikono ya kiti ili ainuke. Anachagua kiti kirefu. Anashika ukuta akigeuka. Akishaanguka mara moja, hata asipoumia, hofu inaingia, anapunguza kutembea, na msuli unapungua kwa kasi zaidi. Hapo ndipo upendo wa nyumbani huharibu bila kukusudia. "Kaa tu bibi, nitakuletea." Maji analetewa, simu analetewa, mlango anafunguliwa mwingine. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa kuinuka kitini mara moja, na kwa siku vingefika ishirini au thelathini bila yeye kujua kwamba anafanya mazoezi. Anayetaka kumsaidia amtafutie kiti kilichoinuka kidogo, asimame karibu naye, na amwache akalete maji yake mwenyewe.